Historia ya Koko Madame

Hapa kwetu Bunia, mtu akifa, kazi mbili zinagawanywa tangu saa ya kwanza. Vijana wanatafuta shitingi, viti na kuni za moto wa usiku. Yule aliyesoma anapewa kaye na biki ili aandike historia ya marehemu, ile itakayosomwa mbele ya watu kabla ya kwenda makaburini. Katika jamaa yetu kazi hiyo ya pili inatuangukia sisi, kwa sababu tulipita ISP na tunafundisha sekondari. Tumeandika historia nyingi. Ile ya koko wetu ndiyo iliyotuonyesha kwamba kazi hiyo hatukuijua.

Mtaa mzima walimwita Koko Madame. Koko, kwa sababu kila mtoto alikuwa mjukuu wake. Madame, kwa sababu ya kazi. Alizaliwa wakati wa Wabelgiji, akasoma kwa masista, akapata D4. Vita vya Simba vya mwaka 1964 vilimkuta tayari amesimama mbele ya kalasi. Aliona serikali ikitwaa masomo ya makanisa mwaka 1974, akaona makanisa yakirudishiwa mwaka 1977. Yeye alibaki palepale, mwaka wa kwanza wa masomo ya msingi. Walimpa ukubwa wa masomo, akakataa. Alisema wakubwa wapo wengi, wenye kufundisha herufi ni wachache.

Sisi wenyewe tulipita mikononi mwake. Nyumbani tulimwita koko, lakini katika kalasi tulijibu “Ndiyo, Madame,” na fimbo haikujua mjukuu. Tulihesabu kwa mbegu za mahindi. Aliyetafuna mbegu zake alikosa jibu, na hapo kila mtu alijua sababu. Kusoma tulianza kwa Kiswahili. Wazazi waliotaka Kifaransa tangu siku ya kwanza aliwauliza: “Mutoto atapanda je ku Kifaransa, kama hana fasi ya kukanyaga?”

Miaka ya 90 mshahara wa serikali haukununua tena hata sabuni, na wazazi ndio waliolisha walimu. Mtoto asiyelipa alirudishwa nyumbani. Koko hakuwa na nguvu ya kuzuia hilo. Lakini saa kumi ya jioni wale waliofukuzwa walikuja kwetu, wakaikala chini ya mti wa avoka, akawapa somo la asubuhi. Mama aliyeleta viazi, vilipokelewa. Asiyeleta hakuulizwa. Mwaka 2019, serikali ilipoanzisha masomo ya msingi ya bure, alicheka sana: “Ile mambo mimi nilianzaka zamani.”

Hayo yote tuliyaandika, kurasa mbili safi. Jambo moja tuliliacha kwa makusudi: mwaka 2003. Katika kikao cha jamaa wazee walisema tusiamshe maneno. Sisi tukakubali upesi, kwa maana tuliogopa pia. Tukaandika tu: “Mwaka 2003 alipatwa na mateso ya vita kama wengine.”

Usiku wa matanga tuliisoma historia ile mbele ya watu, chini ya shitingi. Walipiga makofi. Ndipo mama mmoja akasimama, muuza samaki wa Kasenyi, rafiki wa koko tangu ujana wao. Si wa kabila letu. Ni wa lile lingine, na mtu wa Bunia ataelewa bila sisi kulitaja. Alijifunga kikwembe vizuri, akasema:

“Batoto ya Madame, mumeandika muzuri. Lakini mumeruka karatasi moja.”

Akaeleza. Mwezi wa tano mwaka 2003, wanajeshi wa Uganda walipoondoka, mji ulibaki mikononi mwa wenye bunduki. Watu walikimbilia uwanja wa ndege kwa MONUC, wengine walishika njia ya Komanda mpaka Beni kwa miguu. Yeye hakuwahi. Koko alimficha pamoja na watoto wake wawili katika jiko la nyuma, nyuma ya magunia ya makala. Siku moja vijana walikuja kutafuta. Kutoka nyuma ya magunia yeye alisikia sauti ya koko ikiita jina la mmoja wao, jina lote kamili, kama asubuhi katika kalasi. Kisha: “Ni mimi nilikufundisha kuandika ile jina. Unatafuta nini kwangu?” Kimya kikakaa. Halafu viatu vilienda.

Jina la kijana yule hakulitaja. Sisi pia hatukuuliza, na mpaka leo hatujauliza.

Tulitazama wazee wetu. Mmoja alikuwa ameinamisha kichwa. Tulifikiri watu wataondoka, lakini mwingine akasimama kutoa ushuhuda wake, na mwingine, mpaka kuni zikaisha na alfajiri ikafika. Asubuhi wanawake wa mtaa wa yule mama walikuja na sufuria za sombe vichwani, wakaingia jikoni kusaidia wa kwetu. Katika miaka ile ya vita, mtaa wetu wasingeukanyaga, wala sisi wa kwao.

Zamani usiku wa matanga ulikuwa wa maneno. Moto uliwashwa ili watu wakae na waseme mema na mabaya ya marehemu, na watoto wasikie. Siku hizi tuna vikuza sauti, kwaya tatu na tisheti zenye picha, na ushuhuda unapewa dakika tano. Hatulaumu nyimbo, zinafariji. Lakini sisi wenye diploma tumezoea kufikiri kwamba historia ni ile karatasi yetu ya miaka na vyeo. Karatasi yetu ilimtaja mwalimu vizuri, ikamficha mtu. Kwa kuogopa kuamsha maneno, tungemzika koko pamoja na tendo lake kubwa, na wajukuu wangerithi woga wetu peke yake.

Katika kila matanga kuna kaye ya michango: nani ameleta faranga ngapi, nani ameleta mchele. Ushauri wetu ni mdogo: iwepo kaye ya pili, ya maneno, izunguke karibu na moto, na asiyejua kuandika asaidiwe.

Siku ya 40, siku ya kutosha matanga, tuliisoma historia upya, sasa kurasa tatu. Tulipofika kwenye usiku nne za jikoni, yule mama aliinua mkono kama mwanafunzi.

“Si ine,” alisema. “Ni tano.”

Tukasahihisha palepale, mbele ya watu wote, kwa biki nyekundu.