Majarini ya Steroli Si Badala ya Dawa

Mume wangu ni askari polisi mwenye umri wa miaka 41, mwembamba na hodari wa gwaride. Kwa hiyo majirani zetu katika laini walistaajabu daktari alipomkuta na lehemu nyingi katika damu, akamwandikia vidonge vya statini. Lehemu haimtambui mnene wala mwembamba. Hujikusanya pole pole katika kuta za mishipa bila maumivu yoyote, hata siku moja ikazuia damu kufika moyoni au kwenye ubongo.

Shemeji yangu afanyaye kazi Uingereza alituletea makopo ya majarini iliyotiwa steroli za mimea, akamwambia nduguye, "Kaka, acha vidonge, hii yatosha." Baba watoto, aliyekwisha kuchoshwa na vidonge, akafurahi. Mimi nilimwomba asubiri kwanza tumwulize daktari.

Maelezo tuliyopewa yalikuwa wazi. Steroli za mimea hufanana na lehemu kwa umbo. Zifikapo tumboni hugombea nafasi nayo, hata lehemu nyingine hukosa kuingia katika damu, ikatoka pamoja na choo. Gramu 2 kwa siku, zikiliwa pamoja na chakula, huweza kupunguza lehemu mbaya kwa karibu asilimia 10 baada ya majuma machache. Statini hulizuia ini lisitengeneze lehemu nyingi, na mara nyingi hupunguza asilimia 30 au zaidi. Basi majarini hiyo ni msaidizi wa dawa, wala haishiki zamu yake. Tena, mtu aachapo kuila, faida yake hukoma.

Chakula hicho hakikukusudiwa mama mjamzito, anyonyeshaye, wala watoto wadogo. Kwa hiyo kopo letu lilikaa mbali na kitinda mimba wetu.

Karanga, simsim na maharagwe nayo yana steroli, ila kwa kiasi kidogo. Hata hivyo yafaa sana yanapochukua mahali pa nyama ya mafuta, na mafuta ya alizeti yanapochukua mahali pa samli. Hayo yapo katika soko letu, bila kungoja mgeni kutoka Ulaya.

Akina mama wenzangu, zawadi ya ndugu ipokeeni kwa shukrani. Lakini kidonge alichoagiza daktari kisiachwe ila kwa neno la daktari mwenyewe.