Kuuliza Usilolijua

Watu huuliza kwa sababu mbili. Ama hawajui, nao wataka kujua. Ama wajua, nao wataka kumpima aulizwaye. Swali la namna ya kwanza huishi njiani, sokoni na nyumbani; la namna ya pili huishi darasani. Mwalimu ainuapo kitabu mbele ya wanafunzi na kuwauliza, “Hiki ni nini?”, hana haja na jibu. Kitabu anakiona, nao wanakiona. Mwanafunzi wa lugha ngeni aweza kupitisha mwaka mzima akijibu maswali ambayo hapana mtu aliyeyahitaji majibu yake, na siku atokapo nje akashangaa kuwa ulimi wake umefungwa.

Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili, na baadhi ya wanafunzi wangu ni wageni wajao Mwanza kutoka ng'ambo: wauguzi, wahandisi, watafiti wa samaki, mapadri na masista. Wengi wao huja wamekwisha kusoma sarufi. Kitabu cha Edward Steere cha mwaka 1870 na kile cha E. O. Ashton cha mwaka 1944 ni hazina, wala simshauri mtu avitupe. Lakini mtu aweza kuzihesabu ngeli zote bila kukosea, kisha akashindwa kupata habari moja ndogo kwa mama auzaye dagaa.

Wataalamu wameliona jambo hili zamani. Mwaka 1972 Dell Hymes wa Marekani alichapisha hoja yake kwamba kuijua lugha si kujenga sentensi sahihi tu, bali ni kujua pia la kusema, la kumwambia nani, na wakati gani. Mwaka 1975 Baraza la Ulaya lilitoa kazi ya J. A. van Ek iliyoorodhesha mambo ambayo msafiri wa nchi zile hana budi kuweza kuyafanya kwa lugha. Kule India ya kusini, kati ya mwaka 1979 na 1984, N. S. Prabhu aliwapa watoto wa shule ramani na ratiba za treni, akawaacha watafute majibu, na sarufi ikafuata nyuma. Huyu wa tatu ndiye aliye karibu nami zaidi, kwa kuwa alifanya kazi katika madarasa ya kawaida ya nchi isiyo tajiri.

Walakini zoezi la kununua tiketi lililotungwa Ulaya haliwezi kuletwa ufukweni mwa Nyanza kama lilivyo. Kule mnunuzi hutaja mji aendako, hulipa, huondoka. Mgeni afanyaye hivyo Kirumba ataeleweka, naam, na ataonekana hana adabu.

Tazama basi soko la samaki la Mwaloni, hapo Kirumba. Sipeleki wageni kununua. Mnunuzi aweza kuonyesha kidole na kutoa noti bila kutamka neno. Nawapeleka na swali moja: kwa nini bei ya dagaa leo si ile ya juma lililopita? Jibu silijui mimi mwenyewe, na hiyo ndiyo nguvu ya zoezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa ziwavutazo juu ya maji. Mwezi ukijaa, mwanga wa taa hupotea katika mwanga wa mbalamwezi na nyavu hurudi nyepesi. Giza likirudi, neema hurudi. Lakini huenda sababu ya leo si mwezi. Huenda mvua imezuia dagaa kukauka, au wamekuja wanunuzi kutoka Kongo na kuzoa magunia. Mwanafunzi mmoja hurudi na habari ya mwezi, mwingine na ya mvua, wa tatu na lawama juu ya nauli ya lori. Hapo darasa laanza: nani aliambiwa na nani, na yupi tumsadiki? Wanabishana kwa Kiswahili kwa sababu kuna jambo la kubishaniwa.

Tena hakuna ajibiwaye kabla ya kusalimu. “Shikamoo, mama.” “Marahaba.” “Poleni na jua.” “Tumekwisha poa, karibu.” Ndipo swali. Pengine mama yule hutangulia na “mwangaluka” ya Kisukuma, na mgeni hugundua kuwa huyo amwonaye mwenye lugha naye alijifunza Kiswahili baada ya lugha ya mama yake. Ukanda wetu ndivyo ulivyo. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alitunga hadithi yake kubwa ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe, akaigeuza mwenyewe kwa Kiswahili.

Mfano mzito zaidi ni wa hospitali. Mwuguzi mgeni humwamkia mgonjwa, “Shikamoo, mzee, hujambo?” Mzee hujibu, “Marahaba, mwanangu, sijambo.” “Habari za asubuhi?” “Nzuri.” Asiyejua huandika kwamba mgonjwa ana nafuu. Mzee hakusema uongo, ametimiza adabu. Ugonjwa huja baada ya salamu, aghalabu baada ya neno “ila”: nzuri, ila kifua, sijambo, ila usiku sikulala. Mwenye kuifunga kalamu kabla ya “ila” ameikosa habari yote.

Kwa hiyo natoa karatasi mbili. Ya mgonjwa ina maradhi, amri ya kutoyataja katika salamu, na siri moja: alikunywa mitishamba nyumbani, naye asiseme mpaka aulizwe kwa upole zaidi ya mara moja. Ya mwuguzi ina nafasi tatu tupu: wapi, tangu lini, na dawa gani. Mwisho mwuguzi aeleze saa za kumeza vidonge. Saa mbili mchana kwa hesabu ya kwao ni saa nane kwetu, na mbele ya dawa kosa hilo halichekeshi.

Wenzangu hulalamika kwamba mazoezi ya namna hii huzaa watu wasemao “kitabu yangu”. Yawezekana. Nami nawajibu kwamba “kitabu yangu” husikika hata kwa wenyeji, na hapana aliyepoteza mali kwa ajili yake. Lakini achanganyaye “nimemlipa” na “amenilipa” hugeuza mdai kuwa mdaiwa. Makosa ya namna hii zoezi hujisahihisha lenyewe, maana mambo hukwama. Hayo mengine nayapangia saa yake, pamoja na Ashton.

Jambo hili haliwahusu wageni peke yao. Watoto wetu wengi humaliza shule ya msingi kwa Kiswahili, wakaingia kidato cha kwanza ambako masomo hufundishwa kwa Kiingereza, na humo hukaa kimya. Rafiki yangu afundishaye Kiingereza alijaribu karatasi zangu katika darasa lenye wanafunzi zaidi ya sitini. Kila dawati lilipewa safari ya Nansio: mmoja ajua nauli, mmoja saa ya chombo kuondoka, mmoja uzito wa mizigo, na fedha hazitoshi wote. Kelele zilikuwa kubwa hata mwalimu wa chumba cha pili akamtuma mtoto kuuliza kama darasa halina mwalimu. Akarudishiwa jibu kuwa yumo. Kengele ilipolia uamuzi ulikuwa haujapatikana, na wanafunzi walitoka wakibishana bado, nusu kwa Kiingereza, nusu kwa Kiswahili, nani aachwe gatini.