Luteni aliyesema hapana

Kimya changu kisiwatishe, ni kazi za gazetini tu. Leo nina askari mmoja ambaye amenikaa kichwani wiki nzima.

Anaitwa Ehren Watada, aliyekuwa luteni wa jeshi la Marekani. Juni 2006 kikosi chake kiliondoka kwenda Iraq, yeye akabaki kambini Fort Lewis. Hakutoroka wala kujificha. Alisema amesoma, amepima, na ameona vita vile ni kinyume cha sheria. Akienda, naye atakuwa mshiriki wa uhalifu. Na msidhani alikuwa mwoga, maana alijitolea kwenda Afghanistan, wakamkatalia.

Sasa sikilizeni. Sheria za kule zinamruhusu askari kuomba aachiliwe kwa sababu ya dhamiri, ila sharti apinge vita vyote. Mahakama ya Juu iliamua hivyo mwaka 1971. Ukisema hivi nitapigana, vile hapana, huna kinga. Watada akasimama bila kinga. Februari 2007 alifikishwa mahakama ya kijeshi, kesi ikavunjika katikati. Baadaye jaji wa kiraia akazuia isianze upya, na mwaka 2009 jeshi likamwondoa, tena si kwa heshima.

Mimi nimepita JKT baada ya kidato cha sita. Pale jibu ni moja tu: "Ndiyo afande!" Nilidhani nimeliacha kambini siku niliyovua kombati. Kumbe wapi!

Mwaka jana nilipewa habari ya kumsafisha mkubwa mmoja. Nilikuwa na karatasi mezani zinazoonyesha kinyume. Nikaandika vilevile. Hakukuwa na mahakama ya kijeshi iliyonisubiri, ila kodi ya chumba tu. Habari ilitoka ukurasa wa 3, na jina langu juu yake.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema askari hana haki ya kuchagua vita. Anayekataa vita vyote namheshimu sana. Lakini huyu aliyeshika amri moja, akaipima, akairudisha, ndiye anayeninyima usingizi. Maana hata mimi naletewa amri moja moja, asubuhi, na kikombe changu cha chai kikiwa bado cha moto.

Je, wewe ya kwako ulishawahi kuirudisha?

Haya, siku njema.