Kiwira yenye meli

Jamani, mwambie mtu wa Dar kwamba Kiwira kuna meli, atacheka mpaka basi! Kiwira anayoijua ni hii yetu ya Rungwe, njia ya Mbeya kwenda Tukuyu: ndizi, viazi na baridi. Kumbe ipo bandari ya Kiwira, kule Kyela, Ziwa Nyasa. Jina ni la mto uleule unaopita kwetu, chini ya Daraja la Mungu.

Mwaka 2017 ziwa hilo lilipata meli mbili za mizigo, MV Njombe na MV Ruvuma, kazi ya Songoro Marine wa Mwanza. Kila moja tani 1,000. Kwa watu wa bahari hicho ni kimeli tu, lakini ni mzigo wa malori thelathini na ushee, mathalani makaa ya mawe kutoka Ndumbi.

Kazi yenyewe haina mbwembwe, bwana. Kupakia, kuvuka, kushusha, kusubiri. Upepo wa mwera ukichachamaa, mnasubiri tena. Ila adui mkubwa ni mchanga. Bandari ya jirani, Itungi, ilijaa mchanga hadi meli zikahamia Kiwira.

Mchanga huo unaletwa na mito, na mito inatoka huku kwetu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Wadau, njooni Rungwe muone mahindi yalivyosimama ukingoni kabisa. Mvua ya Aprili ikipiga, maji ya Kiwira yanashuka mekundu, na nahodha kule chini anaanza kupima kina upya.