Lamu, mji wa kutembea kwa miguu

Katika Mji wa Kale wa Lamu, vichochoro vingi ni vyembamba hata punda wawili wenye mizigo hupishana kwa shida. Gari halipiti. Anayekwenda sokoni karibu na Ngome, msikitini au shuleni huenda kwa miguu, na mzigo mzito huachiwa punda au mkokoteni.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, angalau dakika 150 kwa wiki. Kutoka mjini hadi Shela, kando ya bahari, ni kama kilomita 3. Anayekwenda na kurudi kwa mwendo wa kukaza mara tatu kwa wiki ameshafikia kiwango hicho, bila kulipia ukumbi wa mazoezi.

Lakini mazoea hayo yanapungua. Pikipiki zimeingia kisiwani, na safari ambayo wazee waliitembea sasa hulipiwa nauli. Mezani, mahamri na chai yenye sukari nyingi havijapungua. Kisukari na shinikizo la damu huingia polepole, bila kupiga hodi.

Familia iliyo mbali na Lamu nayo inaweza kujifunza hapo. Shukeni kituo kimoja kabla ya nyumbani. Watoto waende dukani kwa miguu. Punguzeni kijiko kimoja cha sukari kwenye chai. Baada ya chakula cha jioni, tembeeni pamoja hata robo saa, kabla ya kuwasha televisheni.