Kutoka Kamina hata Roma: safari ya misa yetu



Kwaya ikialikwa kuimba katika kanisa kuu la nchi ya mbali, parokia nzima husafiri pamoja nayo. Akina mama hushona mavazi, akina baba hutoa nauli, na watoto husali rozari ili ndeke ifike salama. Lakini liko swali moja linalotangulia nauli na mavazi: je, tunakwenda kule kusikilizwa kama watu wanaosali, ama kutazamwa kama kitu cha ajabu? Swali hili si la leo. Liliulizwa kwa nguvu katika mwaka 1958, wakati watoto wa shule ya Kamina walipoipeleka misa yao Ulaya. Basi, twende nao hatua kwa hatua.

Kamina, njia panda ya reli

Kamina ni mji wa nyika ya Katanga, mahali reli zinapokutana. Reli itokayo Lubumbashi hupita hapo ikielekea Kananga na Ilebo. Na tangu mwaka 1956 tawi jingine linaungana nayo, likielekea Kabalo, upande wa mto Lualaba na ziwa Tanganyika. Katika mji wa reli watu hutoka pande nyingi, na kila mmoja huja na wimbo wa kwao: Mluba wa Katanga na wake, Mluba wa Kasai na wake, Mlulua na wake.

Hapo alifika, katika mwaka 1953, Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji. Katika misioni nyingi za siku zile, watoto waliimba kanisani kwa sauti za Ulaya. Jioni nyumbani, penye moto na ngoma, wakaimba kwa sauti za babu zao. Ilikuwa kana kwamba moyo mmoja una nyumba mbili, na mlango wa katikati umefungwa. Padri huyo alitaka mlango ufunguliwe. Alikusanya wavulana wapata 45, wenye umri wa miaka 9 hata 14, pamoja na walimu 15. Kundi likaitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, kwa heshima ya mfalme wa Wabelgiji, ambaye aliitembelea Kongo katika mwaka 1955.

Misa waliyoitunga inajulikana ulimwenguni kwa jina la Missa Luba. Maneno yake ni ya Kilatini, kama sheria ya Kanisa ilivyotaka wakati ule, lakini sauti zake ni zetu. Haikuanza kwa karatasi yenye noti. Kiongozi alianza, wengine wakaitikia, na wimbo ukajengwa kidogo kidogo, kama nyumba inayojengwa na kijiji kizima. Hapakuwa na kinanda, ngoma zilitosha.

Nasi tukizisikiliza nyimbo hizo twaona kwamba hazikuchaguliwa ovyo. Kyrie huimbwa kwa namna ya kasala, wimbo wa maombolezo wa Waluba. Nani ajuaye kuomba huruma kuliko mtu aliyefiwa? Sanctus hufuata wimbo wa kuagana. Hosana yachezwa kwa mdundo wa ngoma ya Kasai, nayo Agnus Dei imetokana na wimbo wa Bena Lulua. Hivyo mambo makubwa ya maisha yetu, yaani kilio, kuagana na furaha, yaliletwa altareni pamoja na mkate na divai. Misa hiyo iliimbwa kwa mara ya kwanza tarehe 23 Machi 1958, katika misioni ya Kamina.

Ulaya, mwaka 1958

Mwaka ule ule watoto wakaenda Ulaya. Waliimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani. Waliimba pia pamoja na wavulana wa Vienna, ambao kwaya yao ni mashuhuri tangu zamani. Katika Bruxelles palikuwa na Maonyesho makubwa ya Ulimwengu, yaliyofunguliwa mwezi wa Aprili na kufungwa mwezi wa Oktoba. Hata leo mgeni huona alama ya maonyesho hayo: Atomium, yenye madungu 9 ya chuma yanayong'aa, na kimo cha mita 102. Santuri ya Missa Luba ikatolewa, na sauti za watoto wa Kamina zikaingia katika nyumba za watu ambao hawakupata kumwona Mwafrika kanisani mwao.

Msafiri afikaye Bruxelles asikose kuingia katika kanisa la Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu Gudula. Limesimama juu ya kilima, na minara yake miwili huonekana kutoka mbali. Mwaka 1958 lilikuwa bado halijaitwa kanisa kuu. Lilipata cheo hicho katika mwaka 1962, likishirikiana na lile la Mechelen. Wenyeji husimulia kwamba shetani alikuwa akiizima taa ya Gudula alipokwenda kusali kabla ya mapambazuko, na malaika akaiwasha tena. Ndani, nguzo ni nene na dari iko juu sana.

Kwaya inayokuja kutoka kwetu hupata hapo fundisho la kwanza. Sisi tumezoea kanisa lenye bati, au uwanja chini ya miembe, ambapo sauti hutoka na kwenda zake. Katika kanisa la mawe sauti haiondoki upesi. Huzunguka, hupanda, hurudi. Ukiimba mbio, neno la pili hulikanyaga la kwanza, na ngoma ikipigwa kwa nguvu humeza maneno yote. Kiongozi mwenye busara hupunguza mwendo, hungoja sauti irudi, naye mpiga ngoma hulegeza mikono. Mgeni asiyesikiliza nyumba ya mwenyeji hawezi kuimba vizuri ndani yake.

Upande mwingine wa mji ule

Tungependa kuishia hapa, penye sifa na makofi. Lakini ukweli hauna nusu. Katika maonyesho yale yale ya mwaka 1958 palijengwa kijiji cha nyumba za Kikongo, na ndani yake wakawekwa mafundi wetu, wanaume kwa wanawake, wafanye kazi zao mbele ya watazamaji. Watu wengine waliosimama nje ya ua waliwacheka na kuwafanyia dhihaka, hata kuwatupia vyakula kama wanavyotupiwa wanyama. Mafundi wale hawakuvumilia. Katika mwezi wa Julai waliacha kijiji kile, wakarudi nyumbani.

Fikirini jambo hili, ndugu zetu. Mji mmoja, mwaka mmoja, watu wa nchi moja. Wengine wanaimba, na wasikilizaji wanainamisha vichwa. Wengine wanatengeneza vitu kwa mikono yao, na watazamaji wanacheka. Ngozi ni ile ile. Tofauti ilitoka wapi? Sisi twaona hivi: ua ule uliwaambia watazamaji kwamba wako mbele ya kitu, wala si mbele ya mtu. Sala haikubali ua. Asikilizaye Kyrie hawezi kubaki mtazamaji siku zote, maana wimbo ule ni wake pia; naye anahitaji huruma ile ile.

Tulipanda tramu namba 44, ambayo hupita katika msitu hata Tervuren, karibu na Bruxelles. Huko, katika mwaka 1897, Mfalme Leopold II alikuwa ameletewa Wakongo 267 ili waonyeshwe kwa watu. Saba walifariki dunia. Makaburi yao yako kando ya kanisa la Mtakatifu Yohane Mwinjili, na majina yao yamesomeka: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Sambo, Mibange. Tulisimama pale, tukasali Baba Yetu kwa Kiswahili. Kwaya yoyote ya Kongo iendayo Ubelgiji ingefanya vema kuimba mbele ya makaburi hayo kabla ya kuimba mahali pengine popote. Hao ndio walioitangulia njia, bila kualikwa na bila kurudi.

Wimbo uliotembea kuliko waimbaji

Watoto wa Kamina walirudi kwao. Miaka miwili baadaye, tarehe 30 Juni 1960, nchi ikapata uhuru wake. Lakini wimbo uliendelea kusafiri. Katika mwaka 1964 Pasolini, mtengeneza filamu wa Italia, aliutia katika filamu yake juu ya Injili ya Matayo, ambayo aliiweka kwa ukumbusho wa Papa Yohane XXIII. Katika mwaka 1990 kwaya ya Muungano ya Kenya, ikiongozwa na Boniface Mganga, iliirekodi Missa Luba upya. Hivyo wimbo wa Kongo ukapata ndugu Afrika ya Mashariki.

Na Kanisa lenyewe likaenda mbele. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Vatikano wa pili ulitangaza hati juu ya liturujia, ukisema kwamba muziki wa mataifa ya misioni upewe heshima yake na nafasi yake katika ibada. Kisha, tarehe 30 Aprili 1988, Roma ilikubali namna ya kuadhimisha Misa kwa majimbo ya nchi yetu, ambayo wakati ule iliitwa Zaire. Katika Misa hiyo wahenga wema hukumbukwa mwanzoni, na watu hucheza kwa heshima wakimzunguka Bwana wao.

Tarehe 1 Desemba 2019, Papa Fransisko aliongoza Misa ya namna hiyo katika basilika la Mtakatifu Petro, pamoja na Wakongo wanaokaa Roma, walioadhimisha miaka 25 ya kituo chao cha kiroho. Tarehe 3 Julai 2022 alifanya hivyo tena. Nyimbo zetu zilipaa chini ya kuba ile kubwa, wala hapakuwa na ua. Na tarehe 1 Februari 2023 mwenyewe alikuja Kinshasa, akasali pamoja na umati wa watu zaidi ya milioni moja katika uwanja wa ndege wa Ndolo. Mwenyeji wa jana akawa mgeni wetu.

Neno kwa kwaya zetu

Enyi vijana wa kwaya, mkipata barua ya mwaliko, shikeni mambo matatu.

La kwanza: ulizeni mapema utaratibu wa ibada ya kule. Jueni zaburi gani itaimbwa, mahali gani kimya kinatakiwa, na nani atoaye ishara. Mwimbaji ni mtumishi wa altare. Asiifanye Misa kuwa ngoma ya sifa zake.

La pili: msiache cha kwenu nyumbani. Wenyeji wana kinanda kizuri na vitabu vya noti tangu zamani, hawakuwaita mwaige. Mwacha mila ni mtumwa. Lakini mjue maana ya wimbo mnaouchukua, ili mkiulizwa mweze kujibu.

La tatu: andikeni majina. Dunia inajua jina la kundi la Kamina na jina la Padri Haazen. Lakini wavulana wale 45, ambao koo zao ndizo zilizoimba, ni wachache wawezao kuwataja. Mwandike katika daftari ya parokia nani aliimba, nani alipiga ngoma, nani alitunga, na wimbo ulitoka kijiji gani. Kalamu na daftari si ghali, na mtoto atakayezaliwa kesho atajua kwamba babu yake alikuwamo.

Kisha nendeni kwa amani. Mkifika katika kanisa lile la mawe, na sauti yenu ya kwanza ikarudi kutoka darini, msiogope. Ngojeni kidogo, halafu imbeni ya pili.