Kisanduku chekundu

Haya wasomaji wangu, nimekuwa kimya kwa muda. Wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika hapa. Sijaacha. Nilikuwa nyumbani Sironga, na nilipokuwa huko nilifanya kosa la kikazi, ila sikulifanyia kazini, nililifanyia kwa dada yangu. Nalieleza kwa sababu wengi mnaopita hapa mnaandika programu, na hili ni kosa linalofanywa na mtu anayejua kuandika programu vizuri tu.

Kwa msiopajua, Sironga ni kwetu Nyamira. Majani chai, migomba, mvua ya alasiri. Michezo ya huku ni kandanda na voliboli. Mpwa wangu, binti ya dada yangu, yuko katika shule moja ya sekondari isiyo mbali na nyumbani, na anacheza voliboli. Ni mpigaji wa upande wa kushoto. Akiinuliwa mpira vizuri huruka na kuupiga kwa mkono ambao hukuutarajia kwa mtoto mwembamba vile.

Mwalimu wao wa michezo ana daftari. Si daftari la mahudhurio. Ni daftari ambamo kila mpira uliopigwa juu ya wavu umeandikwa: alama ya vema kama uliwapa pointi, mkato kama wapinzani waliuokoa au ukuta wao uliuzuia, duara kama ulitoka nje. Misimu miwili, mechi baada ya mechi, jina la kila mpigaji na jina la timu pinzani juu ya ukurasa. Mtu wa data akiona kitu kama hicho anasahau hata chai yake inapoa. Nikamwambia, "Mwalimu, nipe siku mbili."

Nilichapa daftari zima kwa jioni mbili. Kisha nikaandika skripti fupi ya Python, mistari kama 60, inayosoma faili na kutoa jedwali: wapigaji kwenye safu za kulala, timu pinzani kwenye safu za kusimama, na ndani ya kila kisanduku asilimia ya mipira iliyozaa pointi. Ndicho mwalimu alichotaka. Swali lake lilikuwa moja: "Nani anawapiga wale?" Wale ni timu fulani ya kaunti yetu, wasichana warefu ambao hukutana nao kila mwaka na kila mwaka huondoka vichwa vimeinama.

Halafu nikaongeza rangi. Hakuna aliyeniomba rangi. Zaidi ya asilimia 30, kijani. Chini ya asilimia 15, nyekundu. Kilikuwa kitu cha dakika tano na kilipendeza sana.

Kisanduku cha mpwa wangu dhidi ya wale kilikuwa chekundu. Asilimia 11.

Jumamosi ya mechi alikaa benchi kuanzia mpira wa kwanza hadi wa mwisho. Timu ikashindwa seti tatu kwa moja. Sisemi wangeshinda kama angecheza. Sijui, na hilo ndilo jambo lenyewe la makala haya. Jioni nilimkuta jikoni anamenya ndizi. Hakuinua macho.

"Mjomba, ni kweli kompyuta yako ilisema mimi siwezi kuwapiga wale?"

Nikaanza kueleza eti kompyuta haisemi, inahesabu tu. Akaniacha nimalize. Kisha akauliza, "Na ile mechi ya kirafiki ya Machi? Siku hiyo niliwapiga. Mbona hamkuiandika?"

Haikuandikwa kwa sababu mwalimu huandika mechi za mashindano tu. Sikuwa nimeuliza. Usiku ule sikulala, na nikafanya kile ambacho ningefanya kabla ya kumpa mtu yeyote jedwali lile: nikatafuta watu waliohangaika na swali hili kabla yangu.

Hao ni watu wa baseball. Najua huku kwetu hakuna baseball, lakini kwa hesabu za aina hii hakuna mchezo unaoufikia. Mrushaji mmoja, mpigaji mmoja, tukio moja moja, na Wamarekani wameandika matokeo kwa zaidi ya miaka 100. Kuna kundi liitwalo Retrosheet, lililoanza mwaka 1989, linalokusanya kumbukumbu za michezo ya zamani tukio kwa tukio na kuziweka wazi bure. Ukitaka kujua fulani alipiga vipi dhidi ya timu fulani, unapakua tu. Na watu wanapenda mno kuuliza: huyu anawaweza hawa, huyu hawawezi wale.

Mwaka 1977 wanatakwimu wawili, Bradley Efron na Carl Morris, waliandika juu ya wapigaji 18 wa msimu wa 1970, wakiangalia nafasi 45 za mwanzo za kila mmoja. Roberto Clemente alikuwa amefaulu mara 18 kati ya 45, yaani asilimia 40. Thurman Munson, kijana mgeni wa Yankees, mara 8 tu kati ya 45, kama asilimia 18. Ingekuwa skripti yangu, Munson angekuwa mwekundu na angekaa benchi. Msimu wote uliobaki alipiga karibu asilimia 32, na mwisho wa mwaka akachaguliwa mchezaji chipukizi bora wa ligi yake.

Efron na Morris walionyesha kwamba ukimvuta kila mpigaji kuelekea wastani wa kundi zima, na kumvuta kwa nguvu, unakisia yajayo vizuri kuliko kuiamini namba yake peke yake. Kwa wale 18, jumla ya makosa, yakihesabiwa kwa kipeo cha pili, ilipungua zaidi ya mara tatu. Clemente walimvuta kutoka 40 hadi 29. Yeye alimaliza karibu na 35, kwa sababu Clemente alikuwa Clemente, kwa hiyo si kwamba njia hii humtendea haki kila mtu. Inawatendea haki wengi.

Na hizo zilikuwa nafasi 45. Mpwa wangu alikuwa na tisa. Alifaulu mara moja kati ya tisa.

Rudini nami sasa karibu na nyumbani, kwa maana nilitaka kuona jambo hili kwa watu ninaowafahamu. Nilipokuwa mdogo jina la Steve Tikolo tulilisikia redioni bila kuelewa kriketi hata chembe. Mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia na hata hapa Sironga watu walijifanya wanajua wiketi ni nini. Tikolo alikuwa mpigaji wetu mkuu, zaidi ya runi 3,400 katika mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Sentuari zake tatu katika mechi hizo hazikuwa dhidi ya Australia wala India. Ukiishia hapo utasema, basi, ni mtu wa kuonea wadogo.

Lakini fungua kumbukumbu za mechi moja moja. Mwaka 1996 mjini Kandy, dhidi ya Sri Lanka waliotwaa kombe lenyewe siku chache baadaye, alipiga 96. Mwaka 2003 alipiga 51 dhidi ya Australia, na 56 katika ile nusu fainali dhidi ya India ambayo Kenya nzima iliishia 179. Mwaka 2007 alipiga 76 dhidi ya Uingereza. Huyo si mtu anayewaogopa wakubwa. Ni mtu aliyekutana nao mara chache, na akikutana nao kila mtu wa upande wake alikuwa taabani.

Kuna jambo jingine lililonichoma. Pengine mchezo wake mkubwa kuliko yote aliucheza Kuala Lumpur mwaka 1997, fainali ya kombe la ICC dhidi ya Bangladesh: runi 147. Mvua ikaingilia, hesabu ikabadilishwa, Kenya ikashindwa kwenye mpira wa mwisho. Lakini mashindano yale hayakuwa na hadhi ya mechi rasmi za siku moja. Ukipanga takwimu zake za mechi hizo timu kwa timu, zile 147 hazimo kwenye safu ya Bangladesh. Hazimo popote. Ni mechi ya kirafiki ya Machi ya mpwa wangu, kwa kiwango kikubwa zaidi.

Na upo upande wa pili. Oktoba ya mwaka huo huo, mjini Nairobi, Kennedy Otieno alipiga 144 na Dipak Chudasama 122 dhidi ya hao hao Bangladesh, wakajenga runi 225 kabla ya wiketi ya kwanza kuanguka. Siku moja kama hiyo hupaka rangi ya kijani kisanduku kizima na kukiacha kijani kwa miaka. Je, Otieno alikuwa na dawa ya Bangladesh? Huyu huyu alipiga 85 dhidi ya Australia mwaka 1996 na 79 dhidi ya India mwaka 2003. Alikuwa mpigaji mzuri, basi.

Msinielewe vibaya, sisemi mpinzani hana maana. Waulizeni Malkia Strikers. Mwaka 2023 walitwaa ubingwa wa Afrika kule Yaoundé kwa kuwafunga Misri. Mwaka uliofuata, Paris, walikutana na Brazil, Poland na Japani na hawakupata seti hata moja. Tokyo pia, mechi tano, hakuna seti. Mikono ni ile ile. Ukuta wa upande wa pili ndio mwingine. Ila angalia: ulimzuia kila mpigaji wetu, si mmoja. Hapo ndipo skripti yangu ilipopotea. Swali la kwanza ni "wale ni wagumu kiasi gani kwa kila mtu?" Swali la pili, tena baadaye sana, ni "je, kwake yeye ni wagumu zaidi?" Mimi niliyajibu yote mawili kwa rangi moja.

Kwa hiyo saa nane za usiku nikahesabu upya. Dhidi ya timu zote, shule ya mpwa wangu hupata pointi katika theluthi moja ya mipira wanayopiga. Dhidi ya wale, timu nzima ilipata 14 kati ya 70, asilimia 20. Kila mtu alishuka. Mpigaji wa kawaida kabisa wa timu ile, akipewa mipira tisa dhidi ya wale, angetarajiwa kupata pointi mbili hivi, au chini kidogo. Mpwa wangu alipata moja.

Tofauti ni mpira mmoja. Mpira mmoja ambao ungegusa mstari.

Kisha nikaiachia kompyuta icheze mechi za kubuni mara 10,000: mpigaji wa asilimia 20, mipira tisa. Zaidi ya mara nne katika kila kumi alipata pointi moja au hakupata kabisa. Rangi nyekundu, kwa mtu asiye na tatizo lolote. Na nilipomvuta kuelekea wastani wa wenzake, kama vile amepiga mipira 50 ya ziada kwa kiwango cha timu dhidi ya wale (hiyo 50 ni makisio yangu, msiigeuze sheria), asilimia 11 ikawa karibu 19. Wenzake walioanza walivutwa pia. Wote wakakusanyika kati ya 17 na 23, na ukiwatazama hivyo huwezi kumchagua mtu kwa jedwali. Itabidi umwangalie anavyoruka.

Jumatatu nikaenda kumwona mwalimu na toleo la pili. Nimeondoa rangi. Kila kisanduku kinaonyesha idadi ya mipira kwa herufi kubwa, na chini yake masafa ambayo uwezo wa kweli unaweza kuwamo. Alivaa miwani, akatafuta jina la mpwa wangu, akasoma kwa kidole.

"Asilimia 2 mpaka 43. Sasa bwana mtaalamu, hapo unaniambia nini?"

"Ninakuambia hatujui, mwalimu."

"Hilo nilikuwa nalijua kabla hujanichapia."

Nikamwomba msamaha. Akasema mimi sikumweka mtoto benchi, yeye ndiye aliyemweka, na kwamba moyoni alikuwa amepanga kumwanzisha hadi alipoiona ile nyekundu. Hakusema kwa kunilaumu, ndiyo maana iliniuma zaidi. Tukaongea mambo ya mvua na bei ya majani chai. Nilipokuwa nakaribia mlango akaniita.

"Ile ya rangi, huna tena? Ile ilikuwa inasomeka."

Nimeifuta. Nilimwambia nimeifuta, na safari hii ilikuwa kweli.

Mechi ya marudio bado haijachezwa. Mpwa wangu amenunua daftari lake mwenyewe, kurasa 96, na anaandika mipira yake yote, pamoja na ya kirafiki na ya mazoezi ya jioni uwanjani nyuma ya soko. Siku ya kurudi Nairobi nilimwomba nipige picha za kurasa chache nizichape. Akafunga daftari, akaliweka chini ya kwapa, akaniuliza kama nimebeba ndizi alizofungasha mama yake.